Vitabu vya sosholojia kuhusu shida za maisha ya mjini: tuanze na kipi, na tukisomeje?

Ngazi_ya_Mnazi:

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna kikundi cha watu wanane, wengi walimu na maofisa maendeleo ya jamii. Tumekubaliana kusoma vitabu vya sosholojia kwa miezi sita, tukikutana kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo ni vikao kama kumi na viwili. Mada tulizochagua ni umaskini, kukosa kazi, kodi ya nyumba, na huu upweke wa mjini ambapo mtu anafia ndani na majirani hawana habari hadi harufu itoke.

Naomba msinipe orodha ya vitabu hamsini, orodha zimejaa mtandaoni. Ninachotaka kujua ni kitabu gani kitangulie na kwa nini, sura zipi zisomwe na zipi zirukwe, na wasomaji wapya hukwama wapi. Cha Afrika Mashariki kiwemo pia, siyo London na Chicago tupu. Kiingereza tunakisoma polepole, kurasa 60 kwa kikao ndio mwisho wetu. Hesabu za sekondari tunazo, takwimu za chuo hatuna.

---

Kijiti_Kikavu:

Kwa uwezo wa kurasa 60, anzeni na *Marienthal* ya Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel. Ni kitabu chembamba. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1933, tafsiri ya Kiingereza ikaja 1971. Marienthal ni kijiji cha kiwanda si mbali na Vienna, Austria. Kiwanda cha nguo kilifungwa kati ya 1929 na 1930, na kwa kuwa karibu kijiji kizima kilikuwa kinakula kutokana nacho, watafiti walikuta kaya 478 zilizopigwa na pigo lilelile kwa wakati mmoja.

Nakiweka mbele kwa sababu kila dai kubwa ndani yake limesimama juu ya kipimo ambacho mtu yeyote anakielewa. Chukua swali la muda. Asiye na kazi ana muda mwingi; je, anaufanyia nini? Wangeweza kuuliza tu na kuandika majibu. Wao walikwenda maktaba ya wafanyakazi wakahesabu vitabu vilivyoazimwa. Kati ya 1929 na 1931 uazimaji ulishuka kwa asilimia 48.7, na hiyo ni baada ya ada ya kuazima kuondolewa. Yaani muda umeongezeka, bei imekuwa sifuri, na usomaji umepungua karibu nusu. Hapo ndipo kikao chenu kiwake moto, maana kila mtu atakuwa na maelezo yake na kitabu kitawalazimisha kuyapima.

Halafu walijibanza dirishani na saa mkononi, wakawatazama watu barabarani: nani anatembea kwa mwendo gani, nani anasimama njiani mara ngapi. Wanaume walikuwa wakisimamasimama, wanawake wakipita moja kwa moja. Sababu iko wazi ukishaambiwa: kiwanda kilipofungwa, kupika, kufua na kutia viraka havikufungwa. Waliwapa pia wanaume karatasi za kujaza walichofanya saa kwa saa. Mmoja, kwa saa nne hadi saa tano asubuhi, hakuwa na la kuandika isipokuwa kwamba mchana ulikuwa unaingia. Sura ya maana ya muda ndiyo moyo wa kitabu. Ipeni kikao chake peke yake.

Wasomaji hukwama mahali pawili. Kwanza, wanadhani kitabu kinasema wasio na kazi ni wavivu. Kinaonyesha kinyume chake: uchovu huo umetengenezwa na kufungwa kwa kiwanda, na zamani kijiji hichohicho kilikuwa na vyama, mijadala na michezo. Pili, wanaruka utangulizi unaoeleza walivyokusanya taarifa. Msiuruke. Kanuni yao ilikuwa kwamba mtafiti haruhusiwi kukaa pale kama mtazamaji tu, lazima awe na kazi yenye faida kwa wanakijiji: kugawa nguo, kuleta daktari, kufundisha ukataji wa nguo. Faida yake ni kwamba milango ilifunguka. Hasara yake ijadilini wenyewe: mtu anayekuja kugawa makoti ya baridi, mwenye nyumba atamweleza habari za neema au za dhiki?

Émile Durkheim, yule mwanasosholojia wa Kifaransa, muacheni kwanza. Vikundi vingi vinamchukua kwa ajili ya jina, vinafika ukurasa wa arobaini, vinavunjika.

---

Rafu_ya_Juu:

Marienthal naiunga mkono. Kumtupa Durkheim siungi.

Ila kabla ya vyote viwili someni sura ya kwanza ya *The Sociological Imagination* ya C. Wright Mills, 1959. Sura hiyo moja tu, inatosha nusu ya kikao. Mills anatenganisha shida ya mtu binafsi na suala la umma. Katika mji wa watu 100,000, mmoja tu akikosa kazi, tazama tabia yake, ujuzi wake na nafasi zilizopo mbele yake. Katika taifa lenye waajiriwa milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, huwezi tena kutafuta jawabu ndani ya tabia ya mtu mmojammoja. Anafanya hivyohivyo kwa ndoa: wawili wakigombana ni yao, lakini ndoa 250 katika kila 1,000 zikivunjika ndani ya miaka minne ya mwanzo, kuna kitu kwenye mpangilio wa ndoa yenyewe na taasisi zinazoizunguka.

Sura ya pili irukeni bila kujuta. Ni mashambulizi dhidi ya uandishi wa Talcott Parsons, mwanasosholojia mwenzake wa Marekani, na asiyemsoma Parsons hapati utani wake.

Hatari ya Mills ni moja. Wasomaji wapya wakishamuelewa, kila kitu kwao kinakuwa "mfumo". Kijana wa bodaboda amelemewa na hesabu ya siku kwa mwenye pikipiki? Mfumo. Binti ameacha shule? Mfumo. Mazungumzo yanaishia hapo. Mwenyekiti wa kikao awe na swali moja la kurudia: mfumo umeingia kwa mlango gani? Kwa huyo wa bodaboda mlango unaweza kuwa mkataba wa mdomo unaompa mwenye chombo haki ya kukichukua siku yoyote, au kukosa dhamana ya kukopa benki. Hayo yanaweza kuchunguzwa. "Mfumo" mtupu hauchunguziki.

Sasa Durkheim, *Suicide*, 1897, kitabu kuhusu kujiua. Anachosha kwa sababu watu wanaanza ukurasa wa kwanza. Sehemu ya kwanza yote ni kukataa maelezo ya watu wengine: wazimu, asili ya kurithi, hali ya hewa, kuiga. Rukeni. Ingieni sehemu ya pili, sura ya 2 hadi ya 5, msome kwa vikao viwili. Kila mwalimu anafundisha aina nne za kujiua za Durkheim. Mkifika mwisho wa sura ya 5 mtaona ya nne kaitaja kwenye tanbihi tu.

Mambo mawili ya kuangalia. Yeye anategemea takwimu za serikali, na takwimu hizo huanzia kwa mtu anayeandika sababu ya kifo. Familia yenye sababu ya kuficha, ya dini au ya heshima, itamwelekeza mwandishi kwingine. Jack Douglas aliandika kitabu kizima juu ya hilo mwaka 1967. Kwetu Tanzania kujaribu kujiua ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, basi fikirieni wenyewe nini kitafika kwenye daftari na nini hakitafika. La pili ni la kiutu: kabla ya kukiweka kitabu hiki kwenye ratiba, ulizaneni faraghani kama kuna aliyefiwa kwa namna hiyo. Kama yupo, badilisheni kitabu, hakuna kitakachoharibika.

---

Dada_Takwimu:

Umaskini. Hapa nina kitabu kimoja na jedwali moja.

Kitabu ni *Poverty: A Study of Town Life* cha Seebohm Rowntree, 1901, kuhusu mji wa York, Uingereza. Hakimiliki yake imekwisha, mnakipakua bure. Msikisome chote. Someni sura ya mstari wa umaskini na sura ya sababu za umaskini, mengine pitieni kwa macho.

Rowntree alijiuliza: familia ya baba, mama na watoto watatu inahitaji kiasi gani kwa wiki ili miili yao tu isidhoofike? Akapata shilingi 21 na peni 8. Chakula shilingi 12 na peni 9, kodi ya nyumba shilingi 4, nguo na kuni na mengineyo shilingi 4 na peni 11. Jumlisheni wenyewe (peni 12 ni shilingi moja), muone kwamba hakuna kilichobaki. Halafu anaeleza maana ya maisha ya namna hiyo: hawapandi gari moshi wala basi, hawanunui gazeti, hawana hela ya stempu kumwandikia mtoto aliye mbali. Aliubana makusudi ili asije mtu akamwambia amewapa maskini anasa.

Walio chini ya mstari huo aliwaita maskini wa daraja la kwanza: asilimia 9.91 ya mji. Wenye kipato kinachofika lakini wanaonekana wamo dhikini aliwaita daraja la pili: asilimia 17.93. Jumla 27.84, na hiyo ndiyo iliyotikisa Uingereza.

Sasa hapa ndipo kila mtu anateleza, hata waliokwenda chuo. Daraja la pili halikukokotolewa. Wapita-nyumba wake waliandika kaya zenye dalili za dhiki: mavazi, samani, afya ya watoto, maneno ya jirani. Hiyo ikawa jumla ya maskini wote. Kisha akaondoa daraja la kwanza, lililotokana na hesabu ya kipato, na kilichobaki kikawa daraja la pili. Kwa maneno mengine ametoa kitu kilichopimwa kwa hesabu kutoka kwenye kitu kilichopimwa kwa jicho. Siyo udanganyifu, ameandika wazi. Ila anayenukuu 27.84 kana kwamba yote ni hesabu ya shilingi na peni hajasoma.

Jedwali ninalolitaka ni la sababu za umaskini wa daraja la kwanza. Kazi ipo ya kudumu lakini mshahara mdogo: 51.96. Familia kubwa: 22.16. Kufiwa na mtafutaji: 15.63. Ugonjwa au uzee: 5.11. Kazi ya kubahatisha: 2.83. Kukosa kazi kabisa: 2.31. Liandikeni ubaoni bila tarakimu, kila mtu akisie kwanza, ndipo mfunue. Wengi wataweka kukosa kazi juu kabisa.

Zoezi la kulinganisha na kwetu. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wa 2017/18 uliweka mstari wa chakula kuwa shilingi 33,748 na wa mahitaji ya msingi shilingi 49,320, kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Chini ya mstari wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 26.4 ya Watanzania Bara. Chini ya ule wa chakula asilimia 8.0. Toeni: 15,572 kwa mwezi kwa kila kisicho chakula, kama shilingi 519 kwa siku. Humo kuna kodi, nauli, sabuni, dawa, daftari la mtoto. Mstari wa chakula umejengwa juu ya kalori 2,200 kwa siku. Kilo ya unga wa mahindi ina kalori kama 3,600, kwa hiyo mtu akila ugali peke yake, gramu 610 hivi zinaufikia mstari. Mwili haujashiba protini, lakini hesabu ya kalori imetimia.

Makosa ya kuepuka mkifanya zoezi hili:

Msizidishe 49,320 kwa idadi ya vichwa. Kiwango ni kwa mtu mzima, mtoto huhesabiwa pungufu kulingana na umri na jinsia. Kaya ya watu watano haiwi watu wazima watano.

Msilinganishe na bei za sokoni leo. Ni bei za 2017/18. Bila kuzisogeza kwa fahirisi ya bei za walaji mnadanganyana.

Na msidhani ile 15,572 imepatikana kama Rowntree alivyofanya, kwa kuorodhesha mahitaji na kuyapigia bei. Njia ya siku hizi huangalia kaya za chini hutumia sehemu gani ya fedha zao kwa visivyo chakula, kisha huichukua sehemu hiyo. Maskini akijinyima dawa, mstari nao unajinyima. Hilo peke yake linatosha kwa kikao kizima.

---

Ngazi_ya_Mnazi:

Aisee, shukrani. Jedwali la kukisia nimelipenda, nalichukua kama lilivyo.

Bado viwili: upweke, na Afrika Mashariki. Na je, *Evicted* ya Matthew Desmond, ile ya wapangaji wanaofukuzwa, inafaa kwa kodi za nyumba au ni mambo ya Marekani tu?

---

Mchuuzi_wa_Maandishi:

Naanza na Afrika Mashariki. Rafu yetu siyo tupu kama watu wanavyodhani, tatizo ni kwamba vitabu vingi vimechapwa ng'ambo na vinapatikana kwenye maktaba za vyuo tu.

Cha kwanza, *A Survey of Dar es Salaam* cha J. A. K. Leslie. Utafiti ni wa 1956, kitabu kikatoka 1963. Mna Kariakoo, Ilala, Magomeni, na ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, kila chumba na mpangaji wake. Atakayesoma sura za wapangaji na wenye nyumba atashangaa jinsi mambo yalivyo yaleyale. Lakini mwandishi alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, na mnapaswa kukumbuka hilo kila anapoeleza vijana wasio na kazi. Raia aliyeulizwa na ofisa wa serikali "unafanya kazi gani?" alikuwa na sababu ya kupima jibu lake, maana mjini kulikuwa na misako ya kuwarudisha makwao wasio na ajira.

Habari za misako hiyo zimo kwenye *African Underclass* ya Andrew Burton, 2005. Mkisoma vyote viwili pamoja, cha pili kinawasaidia kukisoma cha kwanza kwa jicho la ukali. Halafu mrukie sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, muone wazo la "mzururaji" lilivyovuka uhuru bila kubadilisha nguo.

Cha pili, *Changing the Rules* ya Aili Mari Tripp, 1997. Huyu anaeleza Dar ya miaka ya 1980, mshahara haufiki katikati ya mwezi, kila nyumba ina mradi: maandazi, kuku, ushonaji, teksi. Hoja yake ya kusoma kwa makini ni kwa nini serikali ililegeza kamba. Ofisa anayetakiwa kuzuia biashara ndogondogo naye mkewe anauza vitumbua, na yeye mwenyewe ana mabanda ya kuku. Kanuni ikawa haina wa kuitekeleza. Kasoro ya kusomea kitabu hiki: watu wanatoka nacho wakiamini sekta isiyo rasmi ni ushindi wa mnyonge. Kabla hamjashangilia, tafuteni ndani yake ni nani aliyeongezewa saa za kazi.

Cha tatu ni *The Comforts of Home* cha Luise White, 1990, kuhusu ukahaba Nairobi wakati wa ukoloni. Najua wengine watakunja uso. Nakipendekeza kwa sababu kinafanya jambo ambalo vitabu vya "matatizo ya jamii" hushindwa kufanya: anawatazama wanawake hao kama wafanyakazi, anauliza walipangisha wapi, walitoza vipi, fedha ilikwenda wapi. Anatenganisha namna tatu. Malaya alikaa chumbani mwake, akampa mteja chai, maji ya kuoga, chakula. Watembezi walikwenda barabarani. Wazi-wazi walikaa mlangoni na kutaja bei. Kila namna ilikuwa na hatari zake, faida zake na uhusiano wake na majirani. Wapo walionunua nyumba Pumwani, wapo waliokuwa wakituma fedha nyumbani kuokoa shamba na mifugo ya baba. Mkimaliza, neno "kuporomoka kwa maadili" halitawatoka kinywani kirahisi.

Kuna pia *The Urban Jobless in Eastern Africa* cha Abel Ishumi, 1984, kwa wanaotaka mahojiano na vijana wenyewe. Mkitaka Kiswahili, Seithy Chachage alikuwa profesa wa sosholojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na akaandika riwaya kwa Kiswahili. *Makuadi wa Soko Huria* ya 2002 isomeni baada ya Tripp. Ni riwaya, msiinukuu kama takwimu, lakini uwekezaji na soko huria mtaviona kutoka upande wa anayepokonywa.

---

Pwani_Mvua:

Mchuuzi, Leslie kwa watu wanaosoma polepole? Kile kitabu kimejaa maelezo ya mtaa kwa mtaa. Watachoka.

---

Mchuuzi_wa_Maandishi:

Wasikisome kama riwaya. Kila mwanakikundi achague mtaa mmoja anaoujua, asome kurasa zinazouhusu, alete mambo matatu: nani alikuwa mwenye nyumba, nani alikuwa mpangaji, kazi zilikuwa zipi. Kurasa kumi kwa mtu zinatosha.

---

Kijiti_Kikavu:

Kuhusu upweke nina jibu moja la uhakika: *Heat Wave* ya Eric Klinenberg, 2002.

Julai 1995 Chicago ilipigwa na joto lililofika nyuzi 41 hivi za Selsiasi. Vifo vya ziada, yaani vilivyozidi idadi ya kawaida, vilikuwa 739. Wengi walikuwa wazee, wengi walikutwa peke yao ndani, madirisha yamefungwa. Ndiyo habari uliyoitaja kwenye swali lako, ila imechunguzwa.

Sehemu ya kusoma ni ulinganisho wa mitaa miwili iliyopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote miwili ilikuwa na wazee maskini wanaoishi peke yao kwa kiwango kinachokaribiana. North Lawndale ulipoteza watu 40 kwa kila 100,000, South Lawndale 4. Klinenberg anaeleza kwa barabara: upande wa kwanza viwanja vitupu, maduka yamehama, mzee anaogopa kutoka, upande wa pili watu tele njiani, maduka ya karibu, mzee anatoka kununua kitu na anaingia mahali penye ubaridi. Kwake upweke siyo tabia ya mzee tu, ni pia kama nje kuna pa kwenda.

Msiishie hapo. Mitchell Duneier alimkosoa mwaka 2006: umelinganisha mitaa, lakini unasema habari za watu waliokufa. Je, hao waliokufa wenyewe walikuwa wapweke? Yeye alikwenda kuwafuatilia mmojammoja. Klinenberg alijibu. Kosa analotuhumiwa nalo, la kuchukua tabia ya eneo na kumvika mtu, ndilo kosa la kawaida kuliko yote katika vitabu hivi. Dada_Takwimu ana mfano mzuri wa Robinson, namwachia.

*Bowling Alone* ya Robert Putnam ni kubwa mno kwa kikundi chenu. Chukueni makala yake ya 1995 yenye jina hilohilo, inasomeka jioni moja. Kati ya 1980 na 1993 wacheza boulingi (mchezo wa kuviringisha mpira kuangusha pini) Marekani waliongezeka kwa asilimia 10, uchezaji wa ligi ukapungua kwa 40: watu wanacheza, ila si kwenye vyama. Udhaifu wake ukiuleta huku ni kwamba anahesabu uanachama wa vyama vyenye daftari. Vikoba, mchango wa msiba, chama cha kufa na kuzikana, mpaka na kundi la WhatsApp la wapangaji, vingi vya hivyo havimo kwenye daftari la mtu yeyote.

---

Dada_Takwimu:

Robinson ni mtafiti aliyeandika makala mwaka 1950, kwa sensa ya Marekani ya 1930. Ukipanga majimbo yote, jimbo lenye wahamiaji wengi lina wasiojua kusoma wachache. Uwiano (kipimo cha jinsi vitu viwili vinavyokwenda pamoja, kuanzia −1 hadi +1) ni −0.53. Ukiangalia watu mmojammoja, mhamiaji ana uwezekano mkubwa kidogo wa kutojua kusoma. Uwiano ni +0.12. Alama imegeuka. Sababu: wahamiaji walikwenda kuishi kwenye majimbo ambayo wenyeji wake tayari walisoma. Hapakuwa na kosa la hesabu popote. Kosa ni kusema sentensi ya mtu kwa kutumia takwimu ya eneo.

Kwa hiyo kwenye kila jedwali, kabla ya kujadili, ulizeni mstari mmoja wa jedwali hili ni nini: mtu, kaya, mtaa au mkoa? Halafu angalieni sentensi iliyo chini yake inamsema nani. Visipolingana, simamisheni kikao.

---

Rafu_ya_Juu:

*Evicted* inafaa, ila kwa njia fulani. Ni familia nane za Milwaukee, uwandani 2008 na 2009, imeandikwa kama hadithi kiasi kwamba wasomaji wanameza kila kitu. Dawa yake: anzeni mwisho. Kuna sehemu anayoeleza alivyofanya utafiti, aliishi wapi, alithibitisha vipi maneno ya watu. Isomeni kwanza, kisha mrudi ukurasa wa kwanza.

Jambo la kuiba kutoka kwake ni dodoso la wapangaji. Aligundua kwamba ukimuuliza mtu "uliwahi kufukuzwa?" wengi wanasema hapana, kwa kuwa kwao kufukuzwa ni kuletewa askari na karatasi ya mahakama. Mwenye nyumba aliyempa hela kidogo ahame Jumapili, au aliyeng'oa mlango, hahesabiwi. Desmond aliuliza hatua kwa hatua kuhusu kila mara mtu alipohama na kwa nini. Kwa njia hiyo alikuta mpangaji mmoja kati ya wanane amelazimika kuhama angalau mara moja ndani ya miaka miwili.

Mkitaka kulifanyia Dar au Mwanza, maswali yabadilike. Kwetu mahakama ni nadra, kinachomhamisha mtu ni mwenye nyumba kupandisha kodi muda ukikaribia kuisha na kudai miezi sita au mwaka kwa mkupuo, juu yake pesa ya dalali. Kwa hiyo ulizeni: ulipohama mara ya mwisho, nani alisema kwanza habari ya kuhama? Ulipewa siku ngapi? Kodi uliyoambiwa ulipe ilikuwa ya miezi mingapi? Hela ya kuhamia ilitoka wapi? Msimuulize kama alifukuzwa, atasema alihama mwenyewe.

Na mkiwajaribu watu watano kwanza, mtagundua swali la siku ngapi lina tatizo: wengine watahesabu tangu dokezo la kwanza la mdomo, wengine tangu siku kufuli lilipobadilishwa. Amueni mapema mnataka ipi, muandike kwenye karatasi ya muulizaji.

---

Ngazi_ya_Mnazi:

Basi ratiba ya mwanzo ni hii: kikao cha 1 Mills sura ya kwanza pamoja na utangulizi wa Marienthal. Cha 2 na 3 Marienthal. Cha 4 Rowntree na jedwali la kukisia, cha 5 zoezi la NBS. Cha 6 na 7 Leslie na Burton kwa mtaa. Cha 8 Tripp. Cha 9 na 10 *Heat Wave* pamoja na Duneier. Cha 11 na 12 Desmond. Durkheim na White tutawaweka awamu ya pili.

Swali dogo: nakala moja ya *Heat Wave* kwa watu wanane, inawezekana?

---

Mchuuzi_wa_Maandishi:

Inawezekana kama kikao cha 9 mtasoma sura ya ulinganisho wa mitaa tu. Nakala ianze kuzunguka kuanzia kikao cha 6, siku nne kwa mtu, na kila mmoja aandike ukurasa wa jedwali au hoja aliyoitilia shaka. Angalieni pia Internet Archive, wana utaratibu wa kuazima kwa saa moja vitabu vya namna hii. White usimtupe awamu ya pili; mpe nafasi ya Burton kama hamtapata nakala yake, maana cha Burton ni kigumu kukipata kuliko vyote hapo.